Sonara wa Kanja

Cicily Ntinyari alikuwa karani wa posta huko Kianjai, mwanamke wa miaka arobaini na miwili ambaye sokoni walimjua kwa ugonjwa mmoja: saa kuukuu za mfukoni. Wenzake walinunua mbuzi, yeye akanunua saa zilizokufa. Kufikia mwaka wa 1976 alikuwa nazo tisa, amezifunga vitambaa ndani ya mkebe wa majani chai.

Kilichomnyima raha ni majina. Usoni mwa saa kumeandikwa Jethalal, Embu; ukifungua mgongo, mashine ina jina lingine kabisa, la Uswisi. Mithika, fundi saa wa Meru mjini, ndiye aliyemfumbulia fumbo hilo.

"Kiwanda kilimuuzia sonara saa yenye uso mtupu," alimwambia. "Sonara akaweka jina lake. Mteja akaenda zake akidhani ni sonara aliyeitengeneza."

Tangu siku hiyo Ntinyari akawa anawafuatilia masonara hao mmoja mmoja. Aliandika barua Nanyuki, Nyeri, hata Mombasa. Majibu yalikuja, mengine baada ya mwaka mzima. Huyu alirudi Bara Hindi, duka la yule sasa ni bucha.

Ya tisa ndiyo iliyomshinda. Aliinunua Muthara kwa mchuuzi wa mbuzi ambaye hakujua ilikotoka. Usoni iliandikwa: N. Runji, Kanja.

"Runji ni jina la Kiembu," alimwambia mumewe, Riungu. "Na Kanja, huko Embu, ni mashamba tu. Sonara Mwafrika, enzi za Mzungu, huko?"

"Labda alikuwa na kaduka kadogo."

"Ka kumuuzia nani? Watu walikuwa wanatafuta chumvi!"

Akauandikia ukoo wa Runji kupitia kanisa la Kanja, akaeleza habari ya saa ile na zile nyingine. Baada ya wiki tatu jibu likaja, mistari miwili kwa mwandiko wa kike: Baba yuko hai. Njoo nazo zote.

Alimkuta mzee Nthiga Runji ameketi kando ya migomba, macho yameingia ukungu. Binti yake, Njoki, akaleta chai na nduma. Ntinyari akamwekea mzee saa ya kwanza mkononi. Mzee akafungua kioo kwa ukucha, akapapasa uso wa saa kwa ncha ya kidole cha mwisho.

"Jethalal," akasema. "Hii niliandika mimi."

Ntinyari akamgeukia Njoki.

"Baba hakuwahi kuuza saa," Njoki akasema. "Aliwaandikia masonara majina yao."

Jethalal alimwajiri afagie duka, mzee akaeleza, kisha akauona mwandiko wake, akampa brashi yenye manyoya machache ya paka. Baadaye hata masonara wa Nyeri na Meru wakawa wanaleta nyuso za saa Embu ziandikwe. Akaendelea kupapasa. Kati ya nane, sita zilikuwa za mkono wake. Mbili alizisukuma kando. "Huyu alikuwa na haraka. Sikia mkia wa hii herufi."

Ya tisa aliipapasa mara mbili, herufi kwa herufi.

"Mzee, duka lako lilikuwa upande gani?" Ntinyari akauliza.

Runji akacheka mpaka akakohoa. "Duka gani, mwanangu? Nilikuwa nimeandika majina ya watu miaka kumi na minne. Jumapili moja nikataka kujua langu lingekaaje."

Saa hiyo ilipotea wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya hamsini, nyumba zilipobomolewa na watu wakasongamanishwa kijiji kimoja. Hakumwambia mtu habari zake mpaka barua ilipofika.

Akaipeleka sikioni. Kimya. "Imekauka mafuta tu," akasema, akamtuma Njoki alete vifaa. Alasiri nzima mzee alielekeza, binti akashika kibano, Ntinyari akashikilia kioo cha kukuzia. Saa ilipoanza kutembea, hakuna aliyekumbuka chai.

Ntinyari alirudi Kianjai na saa nane. Alikwenda Kanja mara nne zaidi kabla mzee hajafariki mwaka wa 1979, kila mara na daftari. Runji alimtajia masonara kumi na mmoja, nani alipenda herufi nono na nani alitaka nyembamba. Kumi alipata habari zao. Wa kumi na mmoja, wa Isiolo, barua anazomwandikia bado zinarudi.