Debe Lilipolia Bwenini

Jirani yangu hapa Voi ni fundi wa mabati. Asubuhi akianza kugonga, mimi kikombe changu hukiweka chini. Si kwamba ananiudhi, ni mtu mzuri, na hata mfereji wa maji ya mvua pale kwangu alitengeneza yeye. Ni ule mlio tu. Bati likigongwa, macho yangu hukimbilia chini ya kitanda kabla akili haijafika. Ngojeni niwaeleze, ingawa shule yangu ilikuwa fupi na ninaandika vile ninavyoongea.

Sisi ni watu wa Kasigau. Miaka ile ya hamsini, mahindi yakianza kukomaa, ndovu walikuja shambani kama wageni walioalikwa. Baba na wanaume wengine walitoka na madebe matupu, wakayagonga na kupiga mayowe. Kazi yangu ilikuwa kumvuta mdogo wangu Mshai chini ya kitanda, kumziba mdomo na kutulia. Mama hakuwa na mchezo na jambo hilo. "Debe likilia usitoe hata pua. Utatoka nikikuambia wamepita." Kuna mtoto wa jirani aliyetoka kuchungulia, na yaliyompata sitayaandika. Kwa hiyo sheria ile haikukaa kichwani mwangu, ilikaa magotini.

Basi tukapelekwa shule ya bweni huko juu milimani, mimi na Mshai. Lori lilikwama njiani, tukafika wenzetu wameshazoea. Baridi ya kule, jamani. Ukungu uliingia ndani kama mtu wa nyumba. Bweni lilikuwa refu, la nyasi juu, magodoro nayo ya nyasi, na sisi wageni tukapewa pembe ya mwisho, nyuma ya ukuta wa fito, penye kidirisha cha ubao.

Kitanda cha jirani kilikuwa cha Mghoi, msichana wa pale pale milimani, mdomo kama wembe. "Nyinyi wa kule chini," alikuwa akisema, "hata ndovu wanawajua kwa majina." Lakini taa ikizimwa, huyo huyo ndiye aliyeninong'oneza, "Haya, niambie tena vile mnajificha." Nami nikamwambia yote: debe, kitanda, mdomo wa Mshai, neno la Mama. Alicheka mpaka matroni akagonga mlango.

Ilikuwa Jumamosi jioni. Wasichana wakubwa walikuwa wakipiga nguo pasi kule mlangoni kwa ajili ya kanisa la kesho yake, pasi zile za makaa. Upepo ukarusha cheche juu ya godoro. Hayo niliambiwa baadaye. Mimi nilikuwa pembeni kule nikimsuka Mshai, na nilichosikia ni mayowe, kisha debe.

Matroni alikuwa na sheria yake: debe likilia, wote uwanjani. Aliisema siku ya kufungua shule. Sisi siku hiyo tulikuwa tumekaa juu ya gunia tukitazama watu wakisukuma lori.

Sikufikiri hata kidogo. Nilimshika Mshai, tukaingia chini ya kitanda, nikamziba mdomo. Miguu ilipita ikikimbia kuelekea nje, nikawahurumia wale wasichana, nikaona wanakwenda kukanyagwa. Moshi ulipokuja haukunishtua. Nyumba yetu ilikuwa na moshi siku zote, Mama akipika humo humo. Halafu kukaanza kuvunjika vitu juu yetu, pa, pa, pa. Nyasi kavu zikiungua hulia hivyo. Lakini ndovu akiingia kwenye mahindi hulia hivyo hivyo, na mimi nikajua kabisa wamefika.

Mshai alianza kujipinda. Alitaka kukohoa. Nikakaza mkono. Aliniuma, nikakaza zaidi, huku machozi yananitoka na sijui ni ya moshi au ya hofu. Sauti ya matroni ilikuwa ikiita kwa mbali, "Tokeni! Moto! Tokeni!" Nilisikia vizuri. Nikajiambia, sawa, wamewasha moto wa kuwafukuza. Mkononi mwangu Mshai akaanza kulegea.

Ndipo kile kidirisha kikapasuliwa kwa jiwe, na kichwa cha Mghoi kikaingia, kitambaa kimeteleza mpaka machoni. Hakusema moto. Alisema, kwa sauti tulivu kama ya mtu anayeita watoto wakale, "Wamepita. Mama yenu anasema wamepita. Tokeni sasa."

Mkono wangu ulifunguka wenyewe. Nilimsukuma Mshai dirishani, Mghoi akamvuta kwa nywele nilizokuwa nimezisuka nusu, nami nikafuata. Tulikuwa tumefika kwenye migomba wakati paa lilipoketi chini. Mshai alikohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu vile.

Nami nilifanya nini? Nilitembea uwanjani nikitafuta nyayo. Sikuziona, nikamwendea Mghoi. "Umenidanganya. Hawakuwapo." Akapangusa masizi usoni. "Basi rudi uwangoje," akasema.

Shule tuliiacha mwaka ule ule. Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba jioni ile Mghoi peke yake ndiye aliyejua tulipokuwa. Wengine walituita tutoke kwenye moto, na mimi kwenye moto sikuwako. Nilikuwa Kasigau, chini ya kitanda cha Mama, nikimziba mdogo wangu pumzi kwa nguvu zangu zote ili aishi.

Mshai bado yupo, kifua chake si kizuri wakati wa baridi. Akija kunitembelea na fundi akaanza kugonga, sote wawili tunaweka vikombe chini. Kisha mmoja wetu husema, "Wamepita," na tunaendelea na chai.