Jembe Nililolirusha Mara ya Pili

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, siku ya Jumatano, siku nne kabla ya kupiga kura. Dakika naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika kwenye daftari la kazi, kama ninavyoandika kila pampu inayoingia na kutoka kibandani kwangu. Naanza na saa kwa kuwa ndicho kitu pekee cha siku ile ninachoweza kukitaja bila kuona haya. Yaliyobaki senta nzima inayajua, na watoto wa shule wakipita mbele ya kibanda bado wanarusha rula hewani na kuzidaka.

Mimi ni fundi wa pampu za maji, upande huu wa barabara ya kwenda Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo hawawezi kushuka kwenye maduara yao, mashimo ya dhahabu, bila mtu kama mimi kuwanyonyea maji kwanza. Shule niliishia darasa la saba, kwetu Tinde. Mengine nimejisomea kwenye vitabu vilivyochakaa, vingine bila kurasa za mwanzo (ndiyo maana hadi leo kuna mambo ninajua yanavyoisha lakini sijui yanavyoanza). Watu wa hapa wananiheshimu kwa jambo moja: sina upande. Wawili wakigombana kuhusu mpaka au mzani, wataniita mimi, na mimi nitakwenda na futi yangu, nitapima, nitataja namba, nitaondoka.

Kwa hiyo mwaka ule nikaomba ukarani wa kituo cha kupigia kura. Mke wangu, Mama Kabula, alidhani ninafuata posho, na sikumkatalia, kwa sababu sababu yenyewe ilikuwa inanitia haya kuitamka: katika miaka hamsini na miwili ya maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kunipa meza, kalamu na orodha ya majina akaniambia, kaa hapa, tunakuamini. Nikapata. Jumatatu tukahudhuria mafunzo, tukala kiapo, tukatamka kwamba hatuna chama na hatutashabikia chama, na mimi nikasaini kwa mwandiko niliokuwa nimeufanyia mazoezi wiki nzima nyuma ya risiti za vipuri.

Jumatano, basi, dakika hiyo ya kumi na mbili, vijana wawili wenye fulana za kampeni wakanisimamia mlangoni.

"Shikamoo mzee. Jenereta yetu imezima na mama ndio anapanda jukwaani."

Nikafikiri kwa utaratibu, kama ninavyofikiri kila jambo. Nikajiambia: jenereta haina chama. Nikachukua spana. (Huo ndio uamuzi mdogo. Mengine yote yalitoka humo kama uzi unavyotoka kwenye fundo.)

Jirani yangu Salumu, fundi cherehani, mtu wa Pangani aliyeifuata dhahabu akaishia kushona suruali za wanaoifuata, akainua kichwa.

"Karani, unakwenda mkutanoni?"

"Nakwenda kwenye jenereta."

"Jenereta iko wapi?"

"Mkutanoni."

"Haya. Mwenyezi Mungu akuongoze, karani." Akaacha cherehani, akanifuata na futi yake ya kitambaa shingoni, kwa sababu Salumu hawezi kuikosa aibu ya mwenzake hata ikiwa bado haijatokea.

Plagi ilikuwa imejaa masizi na mafuta yalikuwa na maji. Nikasafisha, nikamwaga, nikavuta kamba, ikanguruma. Wakanilipa noti moja mpya ya elfu kumi, nikaitia mfuko wa shati. Hapo ningeondoka, leo ningekuwa mtu mwingine. Lakini yule kijana mkubwa akanisihi, "Mzee, kaa nayo hata nusu saa, ikizima tena mama atatuua," na ni kweli fundi mzuri haiachi mashine iliyotoka kufunguliwa. Nikakaa. Jenereta ilikuwa hatua tatu kutoka jukwaani, upande wa kushoto, mahali panapoonekana na uwanja mzima wa mnada.

Mgombea alikuwa mama wa makamo, anatafuta udiwani; chama chake sitakitaja, nimeshajifunza. Alisoma karatasi. Barabara, zahanati, madawati. Akaahidi kisima kirefu cha mita mia mbili, na mimi nikaguna.

"Mita sitini," nikamwambia Salumu. "Hapa maji yapo mita sitini. Hizo nyingine mia na arobaini anachimba nini?"

"Karani, kiapo kinaruhusu kukosoa hotuba?"

"Nakosoa kina. Kina si siasa."

Watu walikuwa wamechoka. Wengi walikuwa wachimbaji vijana, wa kutoka Mara, Kagera, Kigoma, Singida, wamekuja na vumbi la duara kwenye nyusi, simu mkononi, wakingoja kama kutakuwa na chochote cha kurekodi. Mama akauona uchovu huo. Akazikunja karatasi zake, akaziweka chini, akamwomba mtu jembe. Kikundi cha ngoma kilichokodiwa kilikuwa kimeacha majembe yake yameegemea jukwaa na kwenda kunywa soda, akapewa moja la hayo.

"Mimi nimelelewa na pamba," akasema, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. "Nyumbani kwetu tulilima kwa wimbo."

Akaimba. Kwa Kisukuma, ule wimbo wa kumwita mkulima aliyebaki nyuma kwenye tuta lake: uko wapi, jua limekwisha kupanda, wenzako wamefika kwenye miti, uko wapi?

Hapa lazima nieleze kitu, maana bila hicho mtanihukumu vibaya kuliko ninavyostahili. Baba yangu alikuwa manju, mwongoza nyimbo za kulima. Wanaume thelathini kwenye mstari mmoja, ngoma nyuma yao, majembe yanapanda kwa pamoja na kushuka kwa pamoja hadi ardhi inaitika, na mimi nikizunguka na kibuyu cha maji, najikwaa kwenye matuta mapya, nanusa udongo uliotoka kupinduliwa. Sijawahi kunusa tena kitu kizuri kama kile. Baba akiita, tuta zima linaitikia. Hiyo si hiari. Manju anaita mara tatu, na asipopata wa kumjibu mara ya tatu anaweka jembe chini, na mwenye shamba anabaki na aibu ya kuwa na shamba lisilo na watu. Niliona mara moja tu, kwenye kijiji cha watu waliokuwa wamenuniana. Baba aliita, wakakaa kimya, akaita, kimya, akaita. Akaweka jembe chini, akavaa koti lake, tukatembea hadi nyumbani, na nilimwona akijipangusa uso nikajifanya naangalia ng'ombe wa watu.

Sasa mama yule akaita, na uwanja ukakaa kimya. Vijana wale hawakujua. Kwao alikuwa anaimba tu. Akaita mara ya pili. Mtu mmoja akapiga chafya. Salumu akaninong'oneza, "Mbona umetoka jasho?" Mama akaita mara ya tatu, sauti imeshaanza kupungua, na nikauona mkono wake ukianza kulishusha jembe.

Nikaitikia.

Sikuamua. Ilitoka tumboni, sauti ambayo sikujua bado ninayo: nipo nyuma, nakuja, niachieni tuta langu! Uwanja mzima ukageuka. Mama akatoa macho kama mtu aliyeokota fedha, akauliza kwenye maiki, "Ng'wana nani huyo?" maana yake, huyu ni mtoto wa nani, na mimi (mtu wa kiapo, mtu asiye na upande) nikapaza sauti, "Ng'wana Masanja, wa Tinde!" kama vile kuna mtu aliyeniomba anuani.

Yaliyofuata niliyaona vizuri zaidi baadaye, kwenye simu za watu. Wapiga ngoma wanarudi mbio, mmoja bado na chupa ya soda mdomoni. Mama ananipa jembe. Mimi, na suruali ya kazi na spana ikining'inia mfuko wa nyuma, nainama, nalima hewa, napanda, nashuka, halafu narusha jembe juu kama baba alivyokuwa akirusha, linazunguka mara mbili, nalidaka kwa mpini.

Kilichoniponza ni kwamba nililidaka. Lingeanguka, watu wangecheka, ningekwenda zangu. Uwanja ukalipuka. Wachimbaji walipiga miluzi, kina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikafanya kile kinachofanywa manju akikugusa moyo: nikaitoa ile noti mpya ya elfu kumi mfukoni, nikaibandika kwenye paji la uso la mgombea. Nikamtuza. Mbele ya simu zaidi ya mia.

Nikaona bado haitoshi. Nikalirusha jembe mara ya pili, juu zaidi.

Lilikwenda upande. Lilitua juu ya jenereta, likakata bomba la mafuta, na jenereta ikakohoa mara moja ikazima. Spika zikafa, wapiga ngoma wakasimama mikono hewani, na katika kimya hicho cha uwanja mzima ikabaki sauti moja tu, yangu mimi niliyefumba macho, inaendelea: niachieni tuta langu, niachieni tuta langu.

Nilipofumbua macho, mchimbaji mmoja mbele alikuwa ananinyooshea kidole.

"Si ndiye karani wa kituo chetu huyu?"

"Ndiye!" mwenzake akajibu. "Kura zetu zimeshaimbiwa!"

Kicheko kile sitakisahau. Salumu alikuwa amejifunika uso kwa futi, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Mama mgombea akanisogelea, noti bado imeganda kwenye paji kwa jasho, akasema kwa upole bila maiki, "Asante sana, baba. Sasa utatutengenezea?" Nikatengeneza. Bomba na bilula yake, kwa fedha yangu, nimeinamisha kichwa muda wote.

Kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi, akaja Mtendaji wa kata, binti mdogo aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Akanionyesha simu. "Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Na hapa unampa nini mgombea?"

"Namtuza."

"Kwa nini?"

"Ameimba."

Akaizima simu. Nadhani alitaka kucheka na nadhani alitaka kulia. "Baba, wapinzani wake wameleta malalamiko kwa maandishi, na fomu ya kuyajibu haina mahali pa kujaza kwamba ameimba."

Nikamweleza kwamba sikuwa hata na nia ya kumpigia kura, kwamba kisima chake peke yake kilikuwa na kosa la mita mia na arobaini. Nikamweleza habari za mara tatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mimi nakuamini. Lakini wewe mwenyewe, ungekuwa unapima mpaka, ukamwona mpimaji mwenzako anacheza kwenye shamba la upande mmoja, ungeandika nini?"

Ningeandika aondolewe. Nikampa kitambulisho changu cha karani. Nilikuwa nimekifunika kwa karatasi ya nailoni kisichafuke na girisi.

Mama Kabula hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ulilidaka kweli?" Nikasema mara ya kwanza, ndiyo. Akarudi jikoni, nikasikia anacheka peke yake, na baada ya muda nikasikia anauimba ule wimbo.

Siku ya kura nilipanga foleni kama kila mtu. Kwenye meza yangu alikaa mwalimu kijana, mwenye mwandiko mbaya, akipeleka kidole juu na chini kwenye orodha. Jina langu nililiona kabla yake, likiwa kichwa chini miguu juu: ukurasa wa pili, mstari wa tisa. Nikanyamaza hadi alipolipata. Nilimpigia nani, hiyo ni siri, na kiapo hicho bado nakitunza. Mama mgombea hakushinda. Kisima hakijachimbwa, cha mia mbili wala cha sitini.

Jumapili iliyofuata nikaenda Tinde kumsalimia mama yangu. Nilikuta video imeshafika kabla yangu, kwenye simu ya shangazi. Mama haoni vizuri siku hizi. Alikuwa ameishikilia karibu na sikio, si karibu na jicho. Alitaka irudiwe mara tatu. Kila ilipofika mahali jenereta inazima na sauti inabaki peke yake, aliinua mkono tunyamaze.

"Huyo ni baba yako," akasema.

"Ni mimi, mama."

"Najua ni wewe," akasema. "Nyamaza nimsikilize."

Tangu hapo nimejiwekea sharti, na nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi: jenereta ya mkutano wa kampeni italetwa kibandani, itatengenezwa kibandani, na fundi hataifuata inakokwenda. Na majembe, kwa umri wangu, ni ya kulimia.

Hasara nimeipiga hesabu mara mbili. Posho ya ukarani niliyoikosa, elfu tisini. Bomba na bilula, elfu sita na mia tano. Noti niliyomtuza manju, elfu kumi. Jumla ilikuwa laki moja, elfu sita na mia tano, na ndivyo ilivyokaa kwenye daftari hadi niliporudi kutoka Tinde. Siku hiyo nikachukua kalamu nikaufuta mstari wa tatu, kwa sababu nimeutazama sana na sioni ni kwa namna gani ile ni hasara. Jumla, basi: shilingi elfu tisini na sita na mia tano.