Koti Ambalo Mtani Hakulipata

Batuli anauza asali Isevya. Alizaliwa Igunga, akaja kuolewa hapa Tabora na Shomari, fundi seremala. Mwaka wa korona Shomari aliugua, kisha mdogo wake, Mustafa. Batuli aliwauguza wote wawili nyumbani. Aliwachemshia majani ya nyungu wajifukize, akawafuta jasho, akawalisha. Wakafariki. Yeye alikohoa kidogo tu, akapona.

Hapo maneno yakaanza. Iweje ndugu wa damu wafe, na aliyekuja kuolewa abaki mzima? Sabiri, mdogo wao wa mwisho, akaacha kula chochote kilichotoka mkononi mwa Batuli.

Batuli hakugombana na mtu. Alikwenda kwa daktari Julieth, akamuuliza swali lile lile la mtaani.

"Mama, sikuwapima, kwa hiyo siwezi kuapa," alisema Julieth. "Lakini mtu harithi sura peke yake. Kuna familia ambazo kinga ya mwili huchelewa kuamka kirusi kikiingia. Wewe ni wa damu nyingine. Huyo aliyebaki akianza kukohoa, msikae kupiga nyungu. Mleteni mapema."

Mwaka uliofuata Sabiri akapata homa na kikohozi. Kufika alasiri alikuwa anahema. Batuli akaita bajaji ya Abdulatifu, Mzaramo wa mtaa wa pili. Sabiri akajikunyata ndani ya koti lake jeusi.

"Siendi popote na wewe, shemeji. Wawili umeshawamaliza."

Batuli akasogea kando ya mlango. Abdulatifu ndiye aliyeingia. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na neno la mtani halikasirikiwi.

"Sawa, Mnyamwezi, kufa. Ila vua koti kwanza. Atakayekuzika ni mimi, na koti la marehemu ni haki ya mtani. Usije ukalitapikia."

Sabiri alitaka kucheka, kikohozi kikamkaba. "Hulipati," akasema. Akainuka, koti amelikumbatia, akaenda mpaka kwenye bajaji.

Alilazwa na kuwekewa oksijeni jioni ile ile. Akapona.

Aliporudi, Abdulatifu alikuwa kibarazani anamngoja. "Shemeji Batuli, umeniponza. Koti lilikuwa langu kabisa hili."

Batuli akacheka, mara ya kwanza tangu misiba ile. Akaleta uji wenye asali, akauweka mbali kidogo na Sabiri, kama alivyozoea. Sabiri akaufuata mwenyewe, akanywa mpaka bakuli likabaki tupu.

Siku hizi mtoto wa Sabiri akikohoa, hupelekwa kwanza kwa mama yake mkubwa. Naye hufunika madumu yake ya asali, akaita bajaji.