Gari Lilipomisi Siku ya Kuomba Radhi

Mimi ugomvi wangu na lile gari ulikuwa mmoja tu: lilikuwa zima mpaka nilipolitengeneza. Asubuhi ile nilibadilisha plagi zote nne papa hapa uani kwetu Mishomoroni, nikawasha, injini ikanguruma vizuri kabisa. Nikazima, nikaacha boneti wazi, nikaingia ndani kuoga na kunywa chai. Nilipotoka na kuwasha tena, gari zima likawa linatetemeka kama mtu mwenye homa. Linamisi, moto unakatakata! Na plagi bado mpya.

Na siku yenyewe haikuwa ya mchezo. Kesho yake mama alikuwa asafiri kwenda Hija, na kwetu mtu hatoki bila kupita nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Mama alikuwa ameshamaliza mtaa, mpaka muuza mbaazi aliyegombezwa naye siku moja. Alibaki mtu mmoja, dada yake mkubwa anayekaa Mwakirunge. Hawakuwa wakisemezana tangu hitima ya bibi yetu, mama alipomtolea neno zito mbele ya wageni. Alikuwa akituambia kwamba asipopata radhi ya dada yake, hajui atasimama Arafa na uso gani.

Basi nikaanza kubahatisha. Nilishuku plagi ni bandia, nikamlaani mwenye duka, nikasema astaghfirullah, kisha nikamlaani tena. Nikashuku petroli. Nikashuku betri, maskini, ambayo haikuwa na kosa. Kila nikiwasha ni mtetemo ule ule, na kichwa kinaniwanga.

Aliyenichanganya zaidi ni mama. Alikuwa amekaa barazani, buibui mwilini, tasbihi mkononi, hasemi kitu. Mama huyu ambaye ukichelewa kuvaa viatu anakuita majina yote! Nikamwambia nimwitie tuktuk. Akakataa, akasema atakwenda na gari la mwanawe, na kama halikupona ni kadari ya Mungu. Kimya kingi kina mshindo, lakini mimi masikio yangu yalikuwa kwenye injini.

Mwisho nikampigia simu fundi wangu. Akaniambia niache gari likiwaka, nichomoe waya za koili, zile zinazopeleka moto kwenye plagi, moja moja kisha nizirudishe. Ile nikiichomoa na mtetemo usibadilike, hapo ndipo penye ugonjwa. Ya kwanza, gari likazidi kuyumba. Ya pili, vile vile. Ya tatu, halikujali kabisa. Nikazima, nikang'oa ile koili, ikatoka imelowa, inachuruzika tope.

Tope! Mvua hatukuiona kwa wiki nyingi. Nilisimama na kile kitu mkononi kama mtu aliyeokota samaki jangwani. Nikamuuliza mama kama kuna aliyegusa gari.

Akasema ni yeye. Nilipokuwa naoga, mbwa wa jalalani aliparamia pale mbele, akaramba mafuta yaliyomwagika juu ya injini. Mama akamfukuza kwa ufagio, akaosha mara saba, mara moja kwa maji yenye udongo, kama sheria ya dini inavyotaka.

"Ningekwendaje kuomba radhi na najisi?" akasema.

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nikakausha kile kishimo cha plagi kwa kitambaa, nikapuliza kwa pampu ya baiskeli, huku nikilalamika kwamba angenambia tangu mapema tungekuwa tumeshafika. Gari likawaka, likatulia. Nikamwita aje. Hakuinuka.

"Niliyaona maji yakiingia mle shimoni," akasema. "Nikanyamaza. Wallahi, mwanangu, nilikuwa naomba lisipone."

Sikuelewa. Si yeye aliyetusumbua mwezi mzima na habari za Mwakirunge?

"Na akikataa je?" akaniuliza. "Sasa hivi bado naweza kusema sijamuomba."

Mama yangu hakuwahi kuogopa mtu, na pale alikuwa anaogopa mlango wa dada yake. Nilimshika mkono, nao ulikuwa wa baridi katika jua lote lile, nikamwingiza garini. Njia nzima injini haikukohoa hata mara moja. Tulipofika, mama mkubwa alikuwa ameshasikia gari, amesimama kizingitini, anatutazama tu.

"Usizime gari," mama akaninong'oneza.

Nikazima.