Ua la Bi Mwanaasha na Paswedi ya Ngazi Nzima

Bi Mwanaasha wa Michenzani, ghorofa ya tatu, anashona kofia za viua. Mimi, jirani yake wa ngazi hiyo hiyo, nnazijua kofia kuliko vichwa vinavyozivaa, nawaambia Unguja hii hakuna mkono kama wake. Mwaka huu kabuni ua jipya la Idi, akataka kumtumia picha Tahir, mwenye duka Mji Mkongwe. Mwengine akiliona mapema akaliiga, miezi mitatu ya sindano imepotea.

Sasa hofu yake ni waifai. Paswedi ngazi nzima wanayo. Utamnyima vipi jirani aliyekuletea bakuli la futari jana?

"Wote wana ufunguo wangu," akaniuliza. "Picha si wataiona?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo haya mimi nayaelewa. Kisha nikamwita Talib, fundi wa mitandao.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

"Marahaba. Nieleze, mwanangu."

"Paswedi yenyewe haipiti hewani. Simu yako inataja nambari, kisanduku cha waifai kinataja yake. Kila kimoja kwake kinazichanganya na paswedi, unatoka ufunguo wa simu yako peke yake."

"Basi hawanioni."

"Hawakuoni. Ila mwenye paswedi, akizidaka zile nambari simu na kisanduku vinaposalimiana, anaweza kuutengeneza ufunguo wako."

"Basi wananiona."

"Wengi hawawezi, Bi."

Bi Mwanaasha akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa, na nusu nilielewa, sijui nusu ipi.

"Badilisha paswedi," nikaamua.

Talib akabadilisha. Haijaadhiniwa alasiri, hodi ya kwanza. "Bi Mwanaasha, mtandao umekatika kwangu tu?" Akampa. Hodi ya pili, akampa. Magharibi ngazi nzima wanayo mpya, na sitaki kusema nani aliomba wa mwanzo. Nilikuwa na shida ya haraka.

"Kofia nitampelekea Tahir kwa miguu," akasema Bi Mwanaasha. "Na wewe unayeelewa, twende."

Kesho yake asubuhi tukashuka, kofia kaificha ndani ya buibui, anapishana na watu wa Darajani kama kabeba yai.

Dukani, Tahir akaigeuza kofia, akasema mashaallah, akatoa simu, akaipiga picha.

"Ya nini hiyo?" Bi Mwanaasha akauliza.

"Nampelekea mwanangu, achague rangi ya uzi."

"Waifai ya hapa, paswedi anayo nani?"

Tahir akaonesha ukutani kwa kidevu. Kipande cha boksi, herufi kubwa kama za duka la dawa, na wageni wawili wamesimama mbele yake wanainakili.

Bi Mwanaasha akaifunika simu ya Tahir kwa kiganja.

"Usitume. Mwambie aje alione ua hapa." Kisha akanigeukia. "Haya, bwana mjuzi. Hawa wageni wananiona au hawanioni?"

Mimi nnayezijua kofia nikachukua moja kabatini, nikaijaribu. Ilinibana.