Shilingi ya Cucu na Yule wa Kuipima

Mimi simwamini mtu anayeninunulia chai kabla hatujafanya biashara. Ndiyo maana yule mnunuzi wa vitu vya zamani, aliyekodi meza ndani ya duka la simu pale Nyeri mjini, alinikera tangu mwanzo. Chai, mandazi, "karibu mzee, keti hapa mzee." Mzee gani? Ananijua?

Binamu yangu ndiye aliyenipeleka. Wakati wa Krismasi alikuwa amepiga picha shilingi ya cucu, nyanya yetu mzaa baba. Ni shilingi ya enzi za mkoloni: upande mmoja simba, upande wa pili mfalme aliyesagika hadi akabaki kama kiazi kilichomenywa. Hata mwaka hausomeki. Cucu alimruhusu apige picha tu. Kuishika, hapana. Akairudisha kwenye kitambaa, akafunga fundo, akaitia kifuani.

Mnunuzi akaikuza ile picha kwenye simu, halafu akasema kuna miaka fulani ambayo shilingi hizo ni adimu sana. "Lakini hii imeisha uso. Bila kupimwa na wataalamu, hakuna mtu atakuamini. Leteni niitume ng'ambo. Itarudi na cheti, imefungwa ndani ya plastiki."

"Itarudi lini?"

"Inategemea."

Ati inategemea! Nikamuuliza nitajuaje kwamba iliyorudi ni ile niliyompa. Mimi nafuga ng'ombe Mweiga, na ng'ombe wangu hatoki kwenda kwa mtu bila alama sikioni. Nikamwambia basi nitaikwaruza ukingoni na msumari, kidogo tu, niweke alama yangu. Jamaa akaruka kwenye kiti.

"Wee! Usijaribu! Usiikwaruze, usiisugue, hata majivu usiiguse nayo. Ukiitia alama umeiua."

Hapo ndipo nilipomshuku kabisa. Kitu kimesagika, hakina uso, na mwenyewe nakatazwa kukitia alama. Mtu akitaka kukuibia angesema nini kingine? Binamu akaniambia nina roho ya polisi. Nikamjibu kwamba na yeye namshuku, maana haraka yake haikuwa ya bure. Tukatoka pale hatusemezani.

Na bado, wacha niseme ukweli, nilitaka kujua. Nikikamua ng'ombe nawaza: kama ni ile adimu, cucu atajengewa nyumba ya mawe, aachane na ile ya mbao inayoingiza upepo kila upande. Halafu nawaza tena. Hiyo shilingi ndiyo kitu pekee ambacho yule mwanamke hajawahi kumpa mtu. Ametoa shamba, ametoa mbuzi, ametoa hata blanketi lake. Shilingi, ng'o. Ikipotelea mikononi mwangu, au nikiletewa nyingine, nitamtazama vipi usoni?

Mnunuzi alikuwa ameuliza pia ilikotoka, ati yenye historia hupata bei nzuri. Basi nikaanza kumshuku hata cucu mwenyewe. Kila aliyemuuliza, "Cucu, hii uliitoa wapi?" alinyamaziwa, au alitumwa kuni. Aliiokota? Aliichukua kwa mzungu aliyemlimia zamani? Mama mzee wa miaka tisini na kitu, ambaye hali chakula kabla hajaomba, nami namfikiria hivyo. Lakini nilimfikiria.

Jumapili baada ya kanisa tukaenda kwake Gakindu. Binamu alibaki nje kwenye mibuni akipiga simu, nikaingia peke yangu.

Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wazee huhesabu kwamba babu huyo amerudi. Mimi nina jina la mume wa cucu, aliyechukuliwa na askari wa mkoloni baba yangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakurudi, na kaburi lake hatulijui. Kwa hiyo cucu hajawahi kuniita mjukuu. Ananiita mume wangu, ananigombeza nikichelewa, anawalalamikia wageni kwamba nakula sana. Watoto wangu hucheka hadi wakohoe. Na mimi miaka yote nilijua ni utani.

"Umefika, mume wangu," akasema kwa Kikuyu. "Kaa."

Nilikuwa nimejipanga kumuuliza kwanza ilikotoka, taratibu, kwa ujanja. Mdomo ukanisaliti.

"Cucu, naomba ile shilingi."

Akaniangalia. Nikajua nimeharibu mambo. Halafu akatoa kitambaa kifuani, fundo likamshinda, nikamsaidia kulifungua. Akaiweka shilingi kiganjani mwangu na kuvikunja vidole vyangu juu yake.

"Umekawia kuiomba," akasema. "Asubuhi ile walipokuja kukuchukua uliniambia, nishikie hii, nikirudi nitakuomba. Hawa wengine wananiuliza tu nimeitoa wapi. Ningewajibu nini? Nilikuwa nakungoja wewe. Unakuja, unakula, unaenda. Nikasema basi, amesahau."

Woi! Ile shilingi ilikuwa bado na joto la mwili wake. Nje nilimsikia binamu akimwambia mtu kwenye simu kwamba tunaileta, tunaileta leo leo. Hamu yote ya kujua mwaka wake iliniishia papo hapo, na machozi yakanitoka, mwanamume mzima na mvi zangu. Nilimwonea huruma, nikajionea aibu kwa yote niliyomfikiria.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilicheleweshwa njiani."

Akanipigapiga mkono.

"Najua," akasema. "Wale askari walikuwa wengi."