Besi kwa Bibi Anaeli

Tarumbeta kubwa kuliko yote katika kundi lile lilibebwa na mtu mdogo kuliko wote. Hilo ndilo lililonifanya nishuke garini juu kidogo ya Himo na kuwafuata wapiga tarumbeta wa Kilutheri waliokuwa wakitoka mazoezini. Nimewahi kuona bendi za namna hiyo katika nchi kadhaa, na kote chombo cha sauti nzito hupewa mwanamume mwenye kifua kama kabati. Hapa kilikuwa begani mwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, kitenge kiunoni, mabuti ya mvua miguuni. Kwa nyuma uliona shaba inayotembea.

"Shemeji," mwenzake mmoja, Denis, alikuwa akimtania, "hilo pipa likikushinda lilete kwangu tupikie pombe ya mbege."

"Likinishinda nitakufunika nalo wewe," akajibu bila kugeuka.

Jina lake Aikaeli, lakini wote humwita Mama Davis. Nilimsalimu, nikamuuliza imekuwaje akapewa mzigo ule. Akacheka. "Njoo unywe maziwa," akasema. "Maelezo yake ni marefu, tena ya aibu."

Nyumba yao imezungukwa na migomba na mibuni, na nyuma kuna banda la ng'ombe wawili. Mlangoni alikaa mumewe, Isack, mkono wa kushoto umelala mapajani, mdomo umeelemea upande mmoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia polepole. Isack ndiye aliyepuliza besi ya usharika tangu ujana wake, mpaka alipopooza. Baada ya miezi kadhaa kiongozi wa kundi, Mwalimu Godlove, alikuja kwa adabu zote kulichukua tarumbeta, maana ni mali ya kanisa. Isack aligeuza uso akatazama ukuta.

"Mimi nilikuwa nimeshika sufuria," Aikaeli akaniambia. "Nikasikia mdomo wangu unasema, Mwalimu, liache, nitapuliza mimi. Mpaka leo sijui nani alinituma."

Alijifunza bandani. Isack aliketi karibu, akigonga mapigo kwa mkono mzima na kuinua kidole sauti ilipotakiwa kupanda.

"Wiki ya kwanza ng'ombe walipunguza maziwa," Isack akasema, maneno yakimtoka mojamoja.

"Ya pili wakazoea," mkewe akamalizia. "Majirani ndio hawakuzoea."

Sauti alizipata. Kilichokosekana ni kifua. Wapigaji wengine wako wawili wawili au watatu: mmoja akivuta pumzi, mwenzake anaishikilia sauti, na msikilizaji hajui kama kuna aliyepumzika. Besi iko peke yake. Ikikatika, kila mtu anajua. Katika nyimbo za maziko, ambazo huenda taratibu na mistari yake ni mirefu, pumzi ya Aikaeli iliishia katikati. Basi akabuni njia yake. Alijaza mashavu, akakodoa macho, akashika tarumbeta kwa nguvu, na asipulize kitu. Ubeti mzima. Msiba baada ya msiba.

"Nilikuwa mashavu tu," akasema. "Na watu wananishukuru."

Angeendelea hivyo kama si Bibi Anaeli, jirani yake wa kuvuka mfereji. Bibi huyo masikio yalikuwa yamekufa miaka mingi. Hakusikia mahubiri wala kwaya, lakini kila Jumapili alikaa benchi lililo karibu na matarumbeta, kwa sababu besi aliisikia kupitia mbao za benchi, mifupani. Mvua za mwaka huu zilimkuta kitandani. Alimwita Aikaeli, akamshika mkono.

"Mama Davis, siku ya kunizika nataka nisikie besi. Siku hizi siisikii vizuri. Nadhani ni uzee."

"Heri angenipiga kofi," Aikaeli aliniambia.

Nilirudi Moshi, kwenye chumba nilichopanga mtaa wa Majengo, nikiwa na nia ya kuendelea na safari. Jumatano Aikaeli akapiga simu. Bibi Anaeli amefariki, maziko ni Jumamosi. Nikapanda tena mlimani, kwa kuwa nilitaka kujua mtu hufanya nini anapodaiwa sauti ambayo hana.

Aikaeli alikuwa tayari amekwenda kwa Godlove. "Mwalimu, tafuta mtu wa besi kutoka usharika mwingine," alimwomba.

"Jumamosi, Mama Davis? Jumamosi kila usharika una msiba wake. Huyo mtu nimtoe wapi, nimchonge?"

"Basi besi isiwepo."

"Isiwepo kwa sababu gani, wakati wewe upo?"

Akarudi nyumbani.

Ijumaa nilimkuta bandani akikatakata migomba ya kulisha ng'ombe. Nikamuuliza, kwa udadisi tu, anamwomba Mungu nini hasa.

"Mwanzoni nilimwomba anipe kifua cha Isack," akasema. "Nimeomba hilo muda mrefu, sikupewa. Jana nikaliacha. Nikamwambia, Bwana, nilisema neno kubwa kuliko kifua changu. Jumamosi nitakupa pumzi niliyo nayo. Ikiisha, ionekane kwamba imeisha. Sitajaza mashavu. Yanayobaki ni yako."

"Na asipofanya kitu?"

"Basi watu wataniona." Akaendelea kukata.

Niliyawaza maneno hayo jioni nzima. Nimesikia watu wa dini nyingi wakiomba nguvu. Sikuwahi kumsikia aliyeomba udhaifu wake usifichike, kisha akaenda kulisha ng'ombe.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu, mlima haukuonekana. Kundi lilitangulia mbele ya jeneza kutoka barabarani hadi kwenye kihamba, shamba la nyumbani ambako marehemu angelala kando ya mumewe, na njia yote ni ya kupanda. Tulipofika kaburini Aikaeli alikuwa tayari anahema. Isack alikuwa ameletwa kwa bajaji, akawekewa kiti cha plastiki katikati ya wazee. Jeneza likawekwa juu ya miti iliyolazwa kuvuka kaburi. Mchungaji akatoa ishara.

Mstari wa kwanza besi ilitoka, nikaisikia kwenye nyayo. Wa pili ulipofika katikati, macho ya Aikaeli yakawa mekundu. Nikaona mashavu yameanza kujaa, na nilijua maana yake. Kisha akayatoa upepo. Akaondoa mdomo kwenye tarumbeta, mbele ya mchungaji na ukoo mzima, akavuta pumzi kwa kelele kama mtu aliyeibuka majini.

Wimbo ukabaki na shimo chini yake. Denis akamtupia jicho, tarumbeta lake likayumba. Sekunde chache tu, lakini wanawake waliokuwa karibu nami waliinua vichwa.

Ndipo kwenye kiti cha plastiki ukatoka mngurumo, nusu wimbo, nusu kikohozi. Isack, mdomo umepinda, alikuwa ameishika sauti ile ile pale mkewe alipoiacha. Mzee aliyekuwa kando yake akaipokea, na mwingine, na mwingine. Aikaeli aliporudisha midomo, mstari mzima wa wazee ulikuwa umeishikilia sauti yake, naye akaingia kama anayeingia nyumba ambayo mlango umeachwa wazi kwa ajili yake. Akapuliza mpaka akaishiwa tena. Akaondoa mdomo tena. Walikuwapo. Ikawa hivyo ubeti hadi ubeti, bila mtu kupanga.

Baadaye nilimuuliza Isack kama walikubaliana. Akatikisa kichwa. "Nilisikia pengo," akasema.

"Sisi tulijua siku nyingi anajaza upepo mashavuni," Denis akadakia. "Ila tungemwambiaje? Shemeji mwenyewe ndiye huyu!"

"Mngesema!" Aikaeli akamfokea.

"Na wewe ungesema."

Nikamuuliza Aikaeli kama hilo ndilo jibu la maombi yake, au ni mazoea ya mpuliza besi wa zamani asiyevumilia wimbo kukatika. Alinitazama kama nimemuuliza kama mvua ni maji.

"Vyote viwili vimetoka wapi?" akasema.

Watu walikuwa wameanza kula. Beatrice, binti wa marehemu, alikuja na sahani ya machalari, ndizi na nyama zikitoa mvuke, na macho yamevimba kwa kulia.

"Mama Davis, wakati mnapuliza nilikuwa nimeweka mkono juu ya jeneza," akasema. "Lilikuwa linatetemeka. Mama amesikia."

Aikaeli alitazama sahani, akatazama mikono yake ambayo bado ilikuwa imekumbatia shaba iliyolowa manyunyu.

"Lete hilo pipa, shemeji," Denis akasema kwa sauti ya chini. "Ule."

Safari hii akampa.